Kurudi Nyuma Huku Ukitazama Mbele

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi wakati wa kufunga mashindano ya soka ya wasichana wa shule za sekondari

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ili mje kuwaona mabinti zenu, na ninyi wachezaji ambao bado mna vumbi la uwanjani miguuni: wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wadogo zangu poleni na kazi. Itifaki imezingatiwa.

Kamati ya mashindano iliniomba nizungumze kuhusu mchezaji mmoja wa kike ambaye safari yake ya michezo inaweza kuwafaa wasichana hawa. Nadhani walitarajia nimchague mwanasoka, au mkimbiaji kutoka nyanda za juu za Arusha na Manyara, ambako ndiko walikotoka Filbert Bayi na John Stephen Akhwari. Nimemchagua Angela Ruggiero, aliyekuwa beki wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Nimemchagua kwa sababu ni beki, na mimi pia nilikuwa beki, na katika miaka 22 ya kuwafundisha wasichana soka hapa Moshi sijakutana na maisha ya mchezaji yanayoieleza kazi ya beki waziwazi kama yake.

Kabla sijaendelea, naomba kitu hiki kipite mikononi mwenu, kianzie benchi la mbele na kiishie kwa wazazi kule nyuma. Ni kipande cha mpira mgumu, mweusi, cha mviringo, chenye unene wa sentimita 2.54 na upana wa sentimita 7.62, na uzito wake ni kati ya gramu 156 na 170, yaani chini ya nusu ya uzito wa mpira mliokuwa mkiupiga asubuhi. Kigongeni mezani kwa ukingo wake mkisikie. Wenyewe hukiita paki; mimi nitakiita kisahani, kwa kuwa ndivyo kilivyo. Kabla ya mechi hugandishwa kwenye jokofu ili kisidundedunde juu ya barafu, na kikishagandishwa huwa kama jiwe. Sasa mfikirie msichana anayepiga goti mbele ya kitu hicho kikija kwa shuti, kwa makusudi, ili kimgonge yeye kisimfikie kipa wake. Hiyo ni sehemu ya kawaida ya kazi ya beki wa barafuni, na anaweza kuifanya mara kadhaa katika mechi moja.

Niueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani: kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimamishwa kila mara mwamuzi anapopuliza filimbi, hivyo dakika hizo 60 ni dakika za kucheza kweli. Hakuna binadamu anayeweza kuteleza kwa kasi ile kwa muda mrefu, kwa hiyo wachezaji hubadilishana mchezo ukiwa unaendelea: mmoja huruka ukuta mfupi wa uwanja, hucheza kwa nguvu zake zote kwa sekunde 40 au 50, kisha hurudi benchi akihema na mwenzake huingia. Uwanja una urefu wa mita 60 hivi na umezungushiwa kuta pande zote, kwa hiyo hakuna ile nafasi ya kuvuta pumzi ambayo sisi huipata mpira unapopotelea kwenye migomba. Magongo yenyewe si mageni kwetu. Mwaka 1980 timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza mpira wa magongo wa uwanja wa kawaida katika Olimpiki ya Moscow, na katika michezo hiyo hiyo medali ya dhahabu ya magongo kwa wanawake ilichukuliwa na Zimbabwe. Kilicho kigeni ni barafu ya kuchezea, ingawa sisi wa Moshi, mawingu yakiondoka asubuhi, huanza siku tukiitazama ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro.

Barafu hiyo sijawahi kuifikia. Niliyoikanyaga ni ya Nairobi, katika ukumbi wa kuteleza uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, ambako Wakenya wameujifunza mchezo huu kwa miaka mingi kwenye uwanja mdogo kuliko ule wa kimataifa, hadi mwaka 2024 nchi yao ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu, akanipeleka kuona. Nilivaa viatu vyenye kisu chini, nikashika ukuta kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kusimama dede, na nikabaki hapo karibu nusu saa nikiwatazama vijana wakifanya mazoezi. Miongoni mwao alikuwepo msichana aliyecheza nafasi ya beki. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwa akirudi nyuma kwa kasi ileile ambayo wenzake walikuwa wakienda mbele. Mguu wa kulia ulichora nusu duara kwenye barafu, wa kushoto ukachora nyingine, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, gongo limetangulizwa mkono mmoja, na uso wake haukumwacha kabisa mshambuliaji aliyekuwa akimjia. Barafu ilikuwa ikitoa mkwaruzo mfupi kila mguu unapogeuka, na mkwaruzo huo haukukatika hata mara moja.

Baadaye nilimwuliza huwa anatazama nini. Akanijibu, "Mwalimu, mimi natazama kifua chake. Gongo linadanganya, macho yanadanganya, kisahani chenyewe kinadanganya, lakini kifua hakiwezi kwenda mahali ambapo mwili hauendi." Mabinti niliowafundisha wanacheka huko nyuma, kwa sababu maneno hayo wameyasikia kwangu mara nyingi, ila mimi huwaambia watazame kiuno. Yeye ndiye aliyenipa hicho kisahani mnachopitishiana. Akaniambia pia kwamba beki hatakiwi kumkimbilia mshambuliaji wala kumkimbia. Humwachia umbali wa gongo moja hadi mawili, hurudi nyuma pamoja naye huku akimsogeza taratibu kuelekea ukutani, mpaka mshambuliaji agundue kwamba njia iliyoonekana pana imekwisha.

Sasa nimrudie Ruggiero. Alizaliwa Januari 1980 huko Los Angeles, katika jimbo la California, mahali penye jua na bahari, ambapo mtoto huijua barafu kutoka kwenye glasi yake ya maji kabla ya kuiona kwingine. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mchezo huu huwapata tu waliozaliwa kwenye theluji. Alianza akiwa na miaka saba, pamoja na ndugu yake wa kiume, na kwa miaka mingi ya utoto wake alicheza na wavulana kwa sababu timu za wasichana zilikuwa chache. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari alipoitwa timu ya taifa ya wakubwa, na mwaka 1998 akasafiri nayo kwenda Nagano, Japani, akiwa na miaka 18, mdogo kuliko wenzake wote kikosini.

Michezo ile ya Nagano ina uzito wake katika historia. Wanaume walikuwa wakicheza magongo ya barafuni kwenye Olimpiki tangu mwaka 1920, na wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 1998, baada ya miaka 78. Waliozaliwa mapema zaidi, hata wangekuwa na kipaji cha namna gani, hawakuwa na mlango wa kugonga. Marekani iliifunga Kanada mabao 3 kwa 1 katika fainali, na Ruggiero akavishwa dhahabu. Wazee wenzangu watakumbuka kwamba Nagano hiyo hiyo ndiko Mkenya Philip Boit alikoshiriki mbio za kuteleza kwenye theluji, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Nilikuwa nimeanza kufundisha muda si mrefu baada ya hapo, na nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za Boit bila kujua kwamba katika mji uleule kulikuwa na beki wa umri wao mwenye medali ya dhahabu.

Kama safari yake ingeishia hapo, nisingekuwa na sababu ya kuileta mbele yenu, kwa kuwa mtoto aliyeshinda mara ya kwanza ni hadithi tamu lakini fupi. Naomba mnisikilize vizuri kwa yaliyofuata, maana ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka 2002 Olimpiki ilifanyika Salt Lake City, nchini kwao. Katika mechi nane za maandalizi dhidi ya Kanada, Marekani ilikuwa imeshinda zote nane. Fainali ikaja, ukumbi umejaa watu wao, na Kanada ikashinda 3 kwa 2. Mwaka 2006 huko Torino, Italia, mambo yakawa mabaya zaidi, kwani Swidi iliwatoa Wamarekani katika nusu fainali kwa mapigo ya penalti, na kwa mara ya kwanza fainali ya mashindano makubwa ya wanawake ikachezwa bila Marekani na Kanada kukutana. Wakaifunga Ufini 4 kwa 0 na kuchukua shaba. Mwaka 2010 huko Vancouver walifika tena fainali, wakafungwa tena na Kanada, 2 kwa 0. Kwa hiyo katika Olimpiki nne alianza na dhahabu, kisha akapata fedha, akapata shaba, na akamaliza na fedha. Anayehesabu medali peke yake atasema huyu alianzia kileleni na hakupafikia tena.

Lakini waliokuwa wakihesabu kazi ya mabeki waliona jambo jingine. Beki bora wa mashindano ya mwaka 2002 alitangazwa kuwa Angela Ruggiero. Beki bora wa mashindano ya mwaka 2006, yale ambayo timu yake haikufika hata fainali, alitangazwa kuwa Angela Ruggiero. Mwaka wa dhahabu hakupewa heshima hiyo. Alipewa katika miaka ya maumivu. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba kazi ya beki husomeka vizuri zaidi katika mechi ngumu na mechi zilizopotea, kwa sababu timu inaposhinda kirahisi mpira hukaa mbele na beki huwa mtazamaji mwenzetu, ila timu inapobanwa ndipo mchezo wote hupita mikononi mwake.

Kuna jambo jingine kuhusu magongo ya wanawake linalomfanya beki wao awe mwalimu mzuri kwetu. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, yaliyofanyika Ottawa mwaka 1990, wachezaji waliruhusiwa kuvaana mwili kwa nguvu kama wanaume wanavyofanya, yaani beki angeweza kumgonga mshambuliaji kwa bega na kumbamiza ukutani ili apoteze kisahani. Baada ya mashindano hayo ruhusa hiyo iliondolewa kwa wanawake. Kugusana kupo, kusukumana kwa kuwania kisahani kupo, lakini beki anayemvamia mwenzake hutolewa nje kwa dakika mbili na timu yake hubaki pungufu. Kwa hiyo beki wa kike hawezi kurekebisha kosa lake la kusimama vibaya kwa kutumia bega. Lazima awe amesimama mahali sahihi kabla hatari haijafika. Hesabu ya pembe, ya umbali na ya muda hufanyika kichwani, kwa kasi, huku miguu ikirudi nyuma. Na Ruggiero hakuwa mnyonge wa mwili: Januari 2005 aliichezea mechi moja timu ya kulipwa ya wanaume, Tulsa Oilers ya Oklahoma, ambako kugongana kunaruhusiwa, akawa mwanamke wa kwanza Amerika Kaskazini kucheza mechi ya kulipwa ya wanaume katika nafasi isiyo ya kipa. Kipa wa timu hiyo alikuwa ndugu yake, yuleyule aliyeanza naye utotoni. Nguvu alikuwa nazo. Heshima aliyopata kwa wenzake, hata hivyo, ilijengwa katika mchezo ambao nguvu hiyo ilibidi aitie lijamu.

Tena msidhani kwamba beki wa barafuni hukaa nyuma muda wote akilinda. Uwanja umegawanywa na mistari miwili ya buluu, na timu inaposhambulia mabeki wake husogea hadi kwenye mstari wa buluu wa upande wa adui na kusimama hapo kama walinzi wa geti. Kisahani kikitoka nje ya mstari huo, washambuliaji wote lazima watoke ndipo waruhusiwe kuingia upya, na shambulizi zima huanza upya. Beki akikizuia kwa ncha ya gongo lake, shambulizi linaendelea. Kutoka hapo hupiga mashuti ya mbali, hugawa pasi, hupanga mchezo wote akiwa ndiye pekee mwenye uwanja mzima mbele ya macho yake. Walimu wenzangu wa timu, hili nalisema kwenu kwa heshima kubwa: tuache tabia ya kumpanga beki yule msichana ambaye tumekosa pa kumweka. Mahali ambapo mtu huona wachezaji wote 22 kwa wakati mmoja panahitaji akili kubwa kuliko ile tuliyozoea kuidai.

Hapa nitasema kidogo juu yangu mwenyewe, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa kwa nini mambo haya yananigusa. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifika fainali ya mashindano kama haya. Nilicheza beki wa kati. Tulibanwa mechi nzima, na nakumbuka kwamba mara mbili niliutoa mpira kwenye mstari wa goli kipa akiwa ameshapitwa. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulidunda kwenye kichuguu kidogo, ukanipita chini ya mguu, na tukafungwa bao moja. Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima mstarini, mwalimu wa timu alisoma majina ya watakaoendelea na mazoezi, na jina langu halikuwemo. Simtaji mwalimu huyo wala shule hiyo. Sikucheza mwaka mzima, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, hata nyumbani, kwa sababu kila mtu aliyekuwepo siku ile aliliona lile bao moja na hakuna aliyekumbuka yale mawili ambayo hayakuingia. Bao lililozuiwa haliandikwi popote.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma habari za Ruggiero, nilisimama kwa muda mrefu kwenye mwaka 2005. Mashindano ya dunia yalifanyika Swidi. Tangu yaanzishwe mwaka 1990 yalikuwa yamefanyika mara nane, na mara zote nane Kanada ilikuwa imechukua ubingwa. Fainali ikawa Kanada na Marekani, dakika 60 zikaisha bila bao, muda wa nyongeza ukaisha bila bao, na mambo yakafika kwenye penalti, ambapo mchezaji hukimbia peke yake kutoka katikati ya uwanja hadi kwa kipa. Miongoni mwa waliopewa jukumu la kupiga alikuwemo huyu beki, aliyekuwa ameshiriki kuinyima Kanada bao kwa muda wote huo na ambaye miaka mitatu kabla alikuwa uwanjani fainali ya nyumbani ilipopotea. Alikwenda, akafunga, na Marekani ikawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Nawaza juu ya mwalimu aliyeandika jina lake kwenye karatasi ile ya wapiga penalti. Alikumbuka kwamba mtu anayejua jinsi washambuliaji wanavyozuiwa anaweza pia kujua jinsi wanavyopita.

Alistaafu mwishoni mwa mwaka 2011 akiwa ameichezea timu ya taifa mechi 256, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa Marekani kwa wakati huo, awe mwanamume au mwanamke, na akiwa na ubingwa wa dunia mara nne. Mwaka 2015 aliingizwa katika jumba la heshima la magongo ya barafuni lililoko Toronto, mwanamke wa nne kupata nafasi hiyo, na mwaka huohuo waliingizwa pia mabeki wakubwa wa kiume kama Nicklas Lidström wa Swidi. Namba hiyo ya 256 mimi huithamini kuliko medali. Medali moja yaweza kuletwa na siku moja njema. Mechi 256 haziletwi na siku moja.

Wazazi wangu, najua swali mlilo nalo, kwa kuwa huniuliza kila mwaka tunapogawa fomu za ruhusa: mwanangu ataishia wapi na mpira huu? Nitawajibu bila kuficha. Mchezo wa Ruggiero haukuwa na utajiri. Wanawake wa timu ile ya taifa, kizazi kilichomfuata, walifika mwaka 2017 wakasema hadharani kwamba hawatacheza mashindano ya dunia yaliyokuwa yakiandaliwa katika nchi yao wenyewe hadi shirikisho lao liwatendee haki, kwa kuwa, kwa maelezo yao, walikuwa wakilipwa takriban dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi sita tu ya kipindi cha Olimpiki. Walisimama pamoja, wachezaji waliopigiwa simu wazibe nafasi zao wakakataa, na makubaliano yakapatikana siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Ligi ya kulipwa ya wanawake inayochezwa sasa Marekani na Kanada ilianza Januari 2024 ikiwa na timu sita. Ruggiero alikuwa ameshastaafu zaidi ya miaka kumi.

Alichofanya yeye ni kusoma. Alikwenda chuo kikuu cha Harvard, akacheza na kusoma kwa wakati mmoja, akaacha masomo kwa muda Olimpiki ya mwaka 2002 ilipokaribia na akayarudia ilipokwisha, na mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya Patty Kazmaier, anayopewa mchezaji bora wa kike wa magongo ya barafuni katika vyuo vya Marekani. Baadaye alirudi Harvard kusomea biashara. Mwaka 2010, wakati wa michezo ya Vancouver, wanariadha wenzake kutoka nchi mbalimbali walimpigia kura awawakilishe katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na kuanzia mwaka 2016 hadi 2018 aliongoza tume ya wanariadha ya kamati hiyo. Sisemi kwamba kila binti anayecheza hapa atafika huko. Ninachowaomba ni jambo dogo ambalo liko ndani ya uwezo wenu: msimwondoe binti kwenye mazoezi kama adhabu ya alama mbaya kabla hamjamwuliza anasoma saa ngapi na anafanya kazi gani za nyumbani akitoka shule. Wengi wa wasichana wangu walioacha mpira hawakuacha kwa sababu ya masomo. Waliacha kwa sababu ya maji, kuni na wadogo zao waliokuwa wakiwasubiri nyumbani, na wapo ambao alama zao zilishuka zaidi baada ya kuacha.

Wala tusiseme kwamba mahali petu ni padogo au hapafai. Juni 2017 wanawake kutoka nchi nyingi walipanda mlima wetu huu, wakaweka magoli kwenye majivu ya kreta, katika mwinuko wa mita 5,714, wakacheza soka ya wachezaji 11 kwa 11 kwa dakika 90, mwinuko ambao hakuna mechi kamili iliyokuwa imechezwa juu yake. Waliwapita wapagazi wetu njiani, waliwapita mama zetu wakiuza ndizi kule chini, wakapanda kwenda kucheza mpira kando ya barafu ambayo mabinti hawa huitazama wakiwa mstarini asubuhi. Mechi iliisha bila bao kwa timu zote mbili. Sidhani kama kuna beki aliyesoma matokeo hayo bila kufurahi moyoni.

Nakaribia kumaliza, mheshimiwa mgeni rasmi, na naona kisahani kimefika kwa wazazi. Naomba kirudishwe mbele.

Katika mashindano haya ya siku tatu, vikombe vimeandaliwa kwa bingwa, kwa mshindi wa pili, kwa mfungaji bora na kwa kipa bora. Ndivyo ilivyokuwa pia mimi nilipokuwa kidato cha tatu. Sikuwa na fedha ya kununua kikombe kingine, lakini nilikuwa na daftari. Nimekaa kwenye nyasi nyuma ya goli la upande wa barabara tangu Alhamisi, na katika kila mechi nimeandika kila mara beki alipoutoa mpira mguuni mwa mshambuliaji ndani ya eneo la hatari, kila mara alipoziba shuti kwa mwili wake, na kila mara pasi yake ya kwanza ilipolianzisha shambulizi. Nimeandika kwa namba za jezi kwa sababu wengi wenu sikuyajua majina. Nitaliacha daftari hili kwa kamati ili mwakani aendelee nalo mtu mwenye macho mazuri kuliko yangu.

Timu ya jezi za njano ilitolewa jana kwenye nusu fainali kwa bao moja. Beki wao wa kushoto, jezi namba 5, ana mistari mingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika daftari langu, na kurasa zake mbili nimezijaza mechi hiyo aliyofungwa. Binti yangu, nakuona umekaa karibu na mlango na mkoba umeshauvaa. Njoo mbele uchukue kisahani hiki.